Georgetown na shindano la vyuo vikuu vya Marekani: ekipe iliyomupokea Mutombo

Kidole kinachotikiswa kisha mupira kuzuiwa hewani, hata mutoto ambaye hajawahi kumuona Dikembe Mutombo akicheza anajua maana yake: hapa hapapitwi. Kuanzia Kirumba mpaka Butembo na Beni, wengi wanamujua Mutombo wa NBA, ule mutu murefu wa metre 2,18. Wachache wanajua chuo kikuu kilichomuchukua kutoka Kinshasa wakati alikuwa bado hajui Kiingereza. Wachache zaidi wanajua kama ekipe ya chuo hicho ilifika mara nyingi karibu na kombe, lakini ikalibeba mara moja tu.

Chuo hicho kinaitwa Georgetown. Historia yake katika shindano la mwisho wa musimu inaonyesha ginsi basketi ya wanafunzi inachezwa Marekani, na swali moja linalowahusu wazazi na vijana wa huku pia: mupira ukiisha, mwanafunzi anabaki na nini?

Namba za kushika

- Georgetown ni chuo kikuu cha Kikatolika cha Wajezuiti katika muji wa Washington. Kilianzishwa mwaka wa 1789. Ekipe yake inaitwa Hoyas.
- Kati ya 1943 na 2021, iliingia katika shindano kubwa la NCAA mara 31.
- Ilifika kati ya ekipe nne za mwisho mara tano: 1943, 1982, 1984, 1985 na 2007.
- Ilibeba kombe mara moja: 1984.
- Mutombo alicheza shindano hilo mara tatu: 1989, 1990 na 1991.

Ukipigwa mara moja, unarudi nyumbani

Kule Marekani, vyuo vikuu vinacheza basketi kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3. Vyuo vinapangwa katika makundi. Georgetown iko katika kundi linaloitwa Big East. Musimu ukiisha, kila kundi linatoa mushindi wake, na wakubwa wa NCAA wanaongeza ekipe zingine walizoona ni nzuri. NCAA ndiyo inasimamia michezo ya vyuo vikuu.

Shindano lilianza mwaka wa 1939 na ekipe 8 tu. Mwaka wa 1985 zikawa 64, na mwaka wa 2011 zikawa 68. Kila ekipe inapewa namba, kuanzia 1 mpaka 16, kulingana na nguvu yake. Namba 1 inakutana kwanza na namba 16, namba 2 na namba 15, vile vile mpaka mwisho.

Hakuna mechi ya kurudishana. Ekipe inacheza dakika 40, na ile inayopigwa inafunga mizigo. Ili kubeba kombe, lazima kushinda mara sita mufululizo. Ni hapo utamu na uchungu wa shindano unatoka: ekipe inaweza kushinda mechi 30 katika musimu, kisha ikaharibu kila kitu usiku mumoja.

Kuna pia shindano la pili, NIT, lililoanza mwaka wa 1938. Zamani lilikuwa na heshima kubwa sana. Leo linachukua ekipe ambazo hazikuitwa katika lile kubwa.

Ule anayetaka kufuata finali akiwa Kivu ya Kaskazini anapaswa kukesha. Mechi inaanza karibu saa tatu ya usiku kule Washington, na huku inakuwa karibu saa tisa ya usiku.

Kutoka 1943 mpaka musimu wa aibu

Georgetown iliingia mara ya kwanza mwaka wa 1943, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Ilifika moja kwa moja mpaka finali, ku Madison Square Garden, New York. Wyoming ikaipiga 46 kwa 34. Kisha, sababu ya vita, chuo kikasimamisha basketi kwa misimu miwili.

Kurudi kulichukua muda murefu sana. Kwa miaka zaidi ya 30, Georgetown haikuonekana tena katika shindano kubwa. Iliitwa katika NIT mwaka wa 1953 na wa 1970, na mara zote mbili ikatoka mapema. Ile ya 1970 iliuma: ilipigwa na LSU 83 kwa 82, pointi moja tu.

Musimu wa 1971–1972 ulikuwa wa aibu: ushindi mara 3, kupigwa mara 23. Chuo kikamufukuza kocha na kumutafuta mwingine.

John Thompson anafika

Ule aliyechukuliwa mwaka wa 1972 alikuwa John Thompson, mwana wa Washington, mutu Mweusi, murefu na munene, aliyekuwa amecheza katika Boston Celtics. Mbele ya hapo alikuwa kocha wa masomo ya sekondari katika muji ule ule. Washington ilikuwa na Weusi wengi, lakini Georgetown ilikuwa chuo cha watoto wa Wazungu wenye uwezo. Thompson alianza kuleta vijana Weusi wa muji.

Katika biro yake aliweka mupira wa basketi usio na hewa. Alikuwa anauonyesha wachezaji kila mara. Maana yake ilikuwa wazi: siku moja hewa itatoka katika mupira, na wewe utabaki na nini mukononi? Alisimamia masomo kwa ukali. Kati ya wachezaji 78 waliobaki naye miaka yote minne, 76 walipata diploma.

Katika kiwanja pia mambo yalibadilika. Mwaka wa 1975, Georgetown ilirudi katika shindano kubwa mara ya kwanza tangu 1943. Mwaka wa 1980 ilibakisha pointi moja tu ili iingie kati ya nne za mwisho. Iowa iliipiga 81 kwa 80. Kuanzia 1979 mpaka 1992, haikukosa shindano hata mwaka mumoja: miaka 14 mufululizo.

Finali tatu katika miaka minne

Mwaka wa 1981 alifika Patrick Ewing, kijana murefu aliyezaliwa Kingston, katika inchi ya Jamaica. Katika miaka yake minne, Georgetown ilicheza finali tatu.

Ya kwanza ilikuwa tarehe 29 mwezi wa 3, 1982, ku New Orleans, mbele ya watu zaidi ya 61,000. Georgetown ilikuwa mbele kwa pointi moja. Sekunde chache mbele ya mwisho, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa North Carolina akatupa mupira ukaingia: jina lake Michael Jordan. Georgetown ilikuwa bado na nafasi. Fred Brown alikuwa na mupira, akageuka, akaona kivuli cha mutu pembeni yake, akampatia. Kumbe alikuwa James Worthy wa ekipe ingine. Mechi ikaisha 63 kwa 62.

Mbele ya watu wote, Thompson alimukumbatia Brown. Hakumutukana, hakumufukuza.

Miaka miwili kisha, Georgetown ikarudi. Safari ya 1984 ilianza kwa hofu: mechi ya kwanza ilishindwa kwa pointi moja tu, 37 kwa 36, juu ya SMU. Katika nusu finali, Kentucky ilijifunga yenyewe. Katika kipindi cha pili ilitupa mupira mara 33, ukaingia mara 3 tu. Georgetown ikashinda 53 kwa 40.

Finali ilichezwa tarehe 2 mwezi wa 4, 1984, ku Seattle. Houston ilikuwa na Hakeem Olajuwon, mwana wa Lagos, Nigeria. Georgetown ikashinda 84 kwa 75 na kubeba kombe lake la kwanza, na mpaka leo la pekee. Fred Brown alikuwa bado katika ekipe, na Thompson akamukumbatia tena, safari hii kwa furaha.

Thompson akawa kocha Mweusi wa kwanza kubeba kombe hilo. Yeye mwenyewe hakuipenda sana sifa hiyo. Aliona kama inafanya watu wafikiri kwamba wengine mbele yake hawakuwa na uwezo, na kumbe walikuwa nao, ila walinyimwa nafasi.

Mwaka wa 1985 kila mutu alingoja kombe la pili. Georgetown ilikuwa namba 1. Katika finali, ku Lexington, ikakutana na Villanova, chuo kingine cha Kikatolika, namba 8 tu. Wakati ule hakukuwa bado saa ya kulazimisha ekipe itupe mupira haraka katika shindano. Villanova ikashika mupira polepole, ikachagua nafasi moja moja. Ilitupa mara 28, ukaingia mara 22. Matokeo: 66 kwa 64. Mpaka leo finali hiyo inahesabiwa kati ya maajabu makubwa ya basketi ya vyuo vikuu.

Mutombo: alikuja kusomea udaktari

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 mwezi wa 6, 1966. Alisoma katika Collège Boboto, masomo ya Wajezuiti. Mwaka wa 1987, wakati inchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre, alienda Georgetown na bursi ya USAID, shirika la musaada la Marekani. Bursi hiyo haikuwa ya mupira. Alikuwa na miaka 21 na mawazo yake yalikuwa kuwa daktari.

Mwaka wa kwanza hakucheza. Alikaa darasani akijifunza Kiingereza. Thompson alimuona na kumuita katika ekipe, na musimu wa 1988–1989 akaanza kuvaa maillot ya Hoyas, pamoja na kijana mwingine murefu, Alonzo Mourning. Katika mechi moja ya musimu ule, juu ya St. John's, Mutombo alizuia mipira 12, rekodi ya chuo.

Musimu huo huo kulitokea jambo kubwa kuliko mechi. NCAA ilipitisha sheria ya kunyima bursi vijana ambao alama zao za mutihani hazikufika kiwango. Thompson aliona kwamba sheria ile itawafungia mulango watoto maskini, zaidi wale Weusi. Tarehe 14 mwezi wa 1, 1989, mbele ya mechi na Boston College kuanza, alitoka kiwanjani mbele ya watu wote na kuacha ekipe na wasaidizi wake. Kocha aliyewalazimisha wachezaji wake kusoma ndiye aliyekataa mutihani utumike kama kufuli. Sheria hiyo ilisimamishwa kwanza, kisha ikabadilishwa.

Katika shindano la 1989, Georgetown ilipewa namba 1. Mechi ya kwanza, juu ya Princeton namba 16, kila mutu alidhani ni mazoezi tu. Princeton ikaongoza 29 kwa 21 mapumziko. Georgetown ilijinyanyua ikashinda 50 kwa 49, na Mourning ndiye aliyezuia mipira ya mwisho. Kama ingepigwa, ingekuwa namba 1 ya kwanza kuangushwa na namba 16 katika shindano la wanaume. Jambo hilo lilingoja mpaka 2018, wakati UMBC iliipiga Virginia. Kisha Georgetown ikazipiga Notre Dame na NC State, mpaka ikabaki kati ya ekipe nane. Hapo Duke ikaifunga njia, 85 kwa 77.

Mwaka wa 1990 ilitoka katika mechi ya pili, ikipigwa na Xavier 74 kwa 71. Mwaka wa 1991, mwaka wa mwisho wa Mutombo, ilikuwa namba 8. Iliipiga Vanderbilt 70 kwa 60, kisha ikakutana na UNLV, ekipe iliyobeba kombe mwaka uliopita na ambayo ilikuwa haijapigwa hata mara moja musimu ule. UNLV ikashinda 62 kwa 54.

Mutombo hakufika nne za mwisho. Lakini mwaka ule wa 1991 alitoka Georgetown na diploma ya lugha na diplomasia. Udaktari alikuwa ameuacha njiani, sababu mazoezi na masomo yale hayakupatana katika saa za siku. Wakati wa masomo alifanya stazi katika Bunge la Marekani na katika Banki ya Dunia. Denver ikamuchagua namba 4 kuingia NBA, akawa mara nne mulinzi bora wa mwaka.

Njia ya hospitali aliirudilia kwa namna ingine. Mama yake, Biamba Marie, alikufa Kinshasa katika siku za fujo, wakati njia zilikuwa zimefungwa na hakuweza kufikishwa hospitali. Mwaka wa 2007, hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama huyo ilifungua milango Kinshasa. Watu wa Kivu ya Kaskazini, ambao wanajua maana ya kuwa na mugonjwa na njia imefungwa, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mutombo alikufa tarehe 30 mwezi wa 9, 2024, na kansa ya ubongo. Alikuwa na miaka 58.

Kisha Mutombo: kupanda na kuteremuka

Mwaka wa 1993 Georgetown ilifika finali ya NIT, ikapigwa na Minnesota 62 kwa 61. Mwaka wa 1996, pamoja na Allen Iverson, ilifika kati ya nane za mwisho, Massachusetts ikaitoa. Thompson aliacha kazi mwezi wa 1, 1999.

Mwana wake, John Thompson III, alichukua ekipe mwaka wa 2004. Mwaka wa 2007 aliirudisha kati ya nne za mwisho kisha miaka 22. Iliipiga North Carolina 96 kwa 84 katika dakika za kuongeza, halafu Ohio State ikaitoa 67 kwa 60.

Lakini kuanzia pale, shindano likawa kama mutego. Mwaka wa 2008, Georgetown namba 2 ilipigwa na Davidson namba 10, sababu ya kijana mumoja mwembamba aliyefunga pointi 30: Stephen Curry. Mwaka wa 2010 iliangushwa na Ohio, namba 14. Mwaka wa 2011 na 2012, namba 11 mbili ziliitoa, VCU kisha NC State. Mwaka wa 2013, Florida Gulf Coast, namba 15, ikaipiga 78 kwa 68. Ni mafundisho ya shindano hili: namba nzuri haifungi mupira.

Mwaka wa 2017 Patrick Ewing mwenyewe alirudi kuwa kocha. Thompson mukubwa alikufa mwezi wa 8, 2020. Miezi saba kisha, mwezi wa 3, 2021, Georgetown ya Ewing ilishinda mechi nne katika siku nne, ikabeba kombe la Big East kwa kuipiga Creighton 73 kwa 48, wakati hakuna mutu aliyeitegemea. Ikaingia NCAA, na Colorado ikaitoa mechi ya kwanza, 96 kwa 73.

Musimu uliofuata ekipe iliporomoka: katika mechi 19 za kundi lake, ilipigwa zote 19. Katika ekipe ile kulikuwa Ryan Mutombo, mwana wa Dikembe. Mwaka wa 2023 Ewing alifukuzwa, na Ed Cooley akachukua nafasi.

Wakongomani wengine, na njia mbili

Tangu Mutombo, wana wengine wa Congo wamepita njia ile. Oscar Tshiebwe, mwana wa Lubumbashi, alichaguliwa mwaka wa 2022 kuwa muchezaji bora wa vyuo vikuu vyote vya Marekani, akiwa Kentucky. Kwa shindano, Kentucky ilikuwa namba 2. Ikakutana na Saint Peter's, chuo kidogo, namba 15. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuokota mipira 16 chini ya kikapu. Hata hivyo Saint Peter's ikashinda 85 kwa 79. Muchezaji bora wa inchi nzima akarudi nyumbani siku ya kwanza.

Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka wa 2002, alifuata njia ingine. Hakupitia chuo kikuu. Alicheza mwaka mumoja katika ekipe ya vijana ya NBA, akachaguliwa namba 7 na Golden State mwaka wa 2021, na mwaka wa 2022 akabeba kombe la NBA. Njia hiyo ilikuwa nyembamba sana, na ekipe ile ilifungwa mwaka wa 2024.

Kwa kijana ambaye anataka kupita kwa chuo kikuu, NCAA inaangalia karatasi mbele ya kuangalia urefu. Bulletin za miaka yote ya sekondari na diplome d'État zinaombwa katika lugha ya asili pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Ule ambaye bulletin zake zilipotea wakati wa kukimbia vita anapaswa kuanza mapema kuzitafuta kwenye masomo yake. Bursi ya kweli inatoka kwa chuo chenyewe, kwa maandishi, na muzazi anaweza kukiuliza chuo moja kwa moja. Mutu anayeomba pesa kwa siri akiahidi "nafasi Amerika", na jina la chuo hataki kulitaja, ni wa kuogopa.

Mwaka wa 1989, wakati Mutombo alikuwa anacheza shindano lake la kwanza, chuo kingine cha Kikatolika kilikuwa kinaanza huku Butembo: Université Catholique du Graben. Hakina kombe la NCAA na hakilitafuti. Lakini swali la mupira usio na hewa linaulizwa pale sawa vile linaulizwa Washington. Kati ya wanafunzi wanaotoka mazoezini jioni na kurudi kwenye vitabu, hakuna anayejua kama atapita kama Mutombo. Diploma, wao wenyewe wanaweza kuifuata.